Kimya kati ya visanduku kumi na moja

Ofisi yetu iko ghorofani, Mwanjelwa jijini Mbeya, juu ya duka la vipuri vya magari, na Juni ikifika tunaandika programu tukiwa na makoti. Mwaka juzi ubaoni kulikuwa na mchoro wa mfumo wetu: visanduku kumi na moja, na mishale imepishana hadi mingine huijui ilikotoka. Kisanduku cha mizani, cha wanachama, cha malipo, cha ujumbe mfupi, cha ripoti, na vingine ambavyo hata kazi yake ilibidi uulize. Mfumo wenyewe ulikuwa wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huko Mbozi. Mkulima analeta kahawa, karani anapima, mfumo unapiga hesabu, hela inaingia kwenye simu. Sisi tulikuwa watu sita.

Kijana aliyekuja kwetu fildi alisimama mbele ya ubao siku yake ya kwanza, akahesabu kwa kidole. "Kaka, samahani. Visanduku kumi na moja, na sisi tuko sita?"

Tulicheka. Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyofanya Netflix. Wakati ule niliamini kabisa kwamba nimemjibu, na ilinichukua msimu mzima wa kahawa kugundua kwamba swali lake lilikuwa limebaki palepale.

Visanduku vilikotoka

Programu kubwa unaweza kuipanga kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni jumba moja: kila kitu kinaandikwa pamoja, kinapandishwa kwenye seva kwa pamoja na kutumia kanzidata moja, yaani ghala moja la taarifa. Namna ya pili ni huduma ndogondogo, ambazo mtaani tunaziita maikroservisi: kila kazi ina programu yake, mara nyingi na kanzidata yake, na zinazungumza kwa kutumiana maombi kupitia mtandao. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa namna hii ya pili ndiyo imekuwa ikisifiwa, na kijana anayetafuta kazi akisema ameijenga anaonekana amekomaa.

Walioipa umaarufu walikuwa na sababu zao. Mwaka 2008 kanzidata kuu ya Netflix iliharibika, na kwa siku tatu kampuni ikashindwa kuwatumia wateja DVD, kwani wakati huo bado ilikuwa inasambaza diski kwa posta. Wakaamua kuhamia kwenye mashine za kukodi za Amazon, na safarini humo wakaivunja programu yao kuwa huduma nyingi. Walimaliza Januari 2016. Yaani zaidi ya miaka saba, kwa kampuni yenye jeshi la wahandisi. Sisi tulifanya yetu kwa miezi mitatu na tukajipongeza.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba ugawaji ule ulitatua shida ya watu kuliko hata ya mashine. Hesabu yake ni nyepesi. Watu wawili wana njia moja ya mazungumzo kati yao. Watu sita wana njia 15. Kumi na wawili wana 66, na hamsini wana 1,225. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi, na njia hizi za mazungumzo ni sehemu kubwa ya sababu. Kampuni kubwa haina budi kuzikata. Jeff Bezos wa Amazon aliweka kanuni kwamba timu isizidi watu wanaoweza kushiba kwa piza mbili. Kwa hapa Mbeya kipimo kingekuwa sinia la wali wa Kyela, na nadhani timu ingekuwa ndogo zaidi. Ukishakata watu katika vikundi vidogo visivyozungumza kila saa, unalazimika kukata na programu, ili kila kikundi kiwe na kipande chake.

Jambo hili lina mwenyewe. Melvin Conway aliandika katika jarida la Datamation, Aprili 1968, kwamba shirika lolote linalosanifu mfumo litatoa usanifu unaofanana na mawasiliano ya shirika lenyewe. Mfano wake mmoja unanichekesha hadi leo. Taasisi moja ilikuwa na watu wanane wa kutengeneza vikusanyaji viwili, yaani programu za kutafsiri lugha ya mwandishi kwenda lugha ya mashine, kimoja cha COBOL na kingine cha ALGOL. Watano wakapewa COBOL, watatu ALGOL. Kazi ilipokwisha, kikusanyaji cha COBOL kilifanya kazi kwa hatua tano, na cha ALGOL kwa hatua tatu.

Kwa hiyo tulichoiga sisi ni kivuli. Tulichukua visanduku vya kampuni yenye watu maelfu bila kuwa na hao watu. Sita tuliokaa chumba kimoja, tunaoazimana chaja, tulikuwa tumejiwekea mipaka kama watu walio mikoa tofauti.

Mzee aliyedhani bei imepanda

Ndani ya jumba moja, sehemu moja ya programu ikiiita nyingine, jibu linarudi kwa muda unaopimwa kwa nanosekunde. Ukizitenganisha kwenye seva mbili, hata seva hizo zikiwa jengo moja, kwenda na kurudi ni kama nusu milisekunde, mara maelfu ya ule wa mwanzo. Hilo peke yake linavumilika. Kisichovumilika ni kwamba umezaa jibu la aina ya tatu. Kwanza kulikuwa na mawili, imefanikiwa au imeshindikana. Sasa kuna kimya.

Jumamosi moja katikati ya msimu, mtandao kati ya seva zetu ulisuasua kwa dakika chache. Huduma ya mizani ikaiagiza huduma ya malipo: mlipe mkulima huyu shilingi 312,000. Ikasubiri sekunde 30, kimya. Tulikuwa tumeiandika kwamba usipojibiwa, tuma tena, nayo ikatuma tena. Kumbe agizo la kwanza lilishafika na hela ilishatoka. Kilichopotea njiani ni jibu. Huduma ya malipo ikapokea maagizo mawili, na kwa utiifu wote ikayatekeleza yote mawili.

Jumatatu asubuhi mzee mmoja alikwenda ofisi ya chama ameshika simu yake ya batani. Akamuuliza karani, "Mwanangu, mmenilipa mara mbili au kahawa imepanda bei?"

Walikuwa zaidi ya arobaini waliolipwa mara mbili. Wengi hawakuuliza kitu.

Angalia kilichojificha kwenye kile kimya. Inawezekana agizo halikufika. Inawezekana limefika na linaendelea kufanyiwa kazi. Inawezekana limekwisha kamilika na jibu ndilo lililopotea. Kwa aliyetuma, hali zote tatu zina sura moja. Akituma tena atalipa mara mbili, asipotuma huenda mkulima asilipwe kabisa. Hakuna muda wa kusubiri utakaomtoa hapo, uwe sekunde 30 au dakika 30.

Dawa yake ipo, na wenzetu wa ushirika wanaijua tangu enzi za kaboni. Karani wa mizani ana kitabu cha stakabadhi, na kila karatasi ina namba iliyochapwa kiwandani, kabla hata gunia halijawekwa kwenye mizani. Mkulima akirudi na stakabadhi ileile, mlipaji anatazama daftari, anaona namba imeshakatwa, anamwambia mzee hii tayari. Hamwiti mwizi, wala halipi tena. Anampa jibu lilelile la mara ya kwanza. Kwenye programu ni hivyohivyo: kila agizo lizaliwe na namba yake, mpokeaji aiandike, na ikija tena arudishe jibu la zamani bila kurudia kazi. Kurudia bila kuzidisha.

Hapo penyewe tulikosea tena, na nalisema kwa sababu nimeona wengi wakikosea palepale. Marekebisho yetu ya kwanza yalitengeneza namba mpya kila agizo lilipotumwa. Maana yake agizo la marudio lilikuja na namba yake, likaonekana geni, likalipwa. Namba lazima izaliwe mizani inaposomwa, isafiri na gunia hilo hadi mwisho, hata likitumwa mara mia. Dada anayeshughulika na kanzidata ndiye aliyeliona, kabla halijapanda kwenye seva, kwa sababu bibi yake aliwahi kuwa karani wa mizani.

Tena, ndani ya kanzidata moja tungekuwa na muamala: kuandika uzito, kutoa namba na kuweka agizo la malipo kwenye foleni, vyote vifanyike au kisifanyike hata kimoja. Sisi tulikuwa na kanzidata tatu kwa kazi hiyo hiyo moja, kwa hiyo kinga hiyo tuliitupa wenyewe. Sidai kwamba jumba moja lingetuondolea kimya chote. Kampuni ya simu iko nje, na siku ikinyamaza, itanyamaza tu. Ila kimya kilichotuumiza kilikuwa kati ya programu zetu wenyewe, mahali ambapo hakikuwa na ulazima wa kuwepo. Na piga hesabu hii: kila huduma ikiwa hai asilimia 99 ya muda, na ombi likilazimika kupita zote kumi na moja, uwezekano wa ombi hilo kufika salama ni asilimia 89.5 hivi. Moja kati ya kila kumi linaanguka, na hakuna huduma hata moja unayoweza kuiita mbovu.

"Nilikuwa nimeiona, kaka"

Tulipokuwa tunaandika maelezo ya tukio lile, kijana wa fildi alisema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa ameiona. Wiki tatu kabla. Kwetu kila mabadiliko hupitiwa na mtu mwingine kabla ya kuunganishwa na msimbo mkuu, yaani maandishi yenyewe ya programu, na kipande kile kilipita mikononi mwake. Aliandika: "Naomba kuelewa, jibu lisiporudi hapa itakuwaje?" Kisha akafuta. Kwa nini? Kwa sababu msimbo niliuandika mimi. "Nikasema labda ninyi mnajua."

Hapo ndipo nilipomwelewa Conway vizuri. Mizani niliiandika mimi, malipo aliiandika mwenzangu aliyekaa dirishani, na katika miezi mitatu hatukuwahi kukaa pamoja tukaulizana jibu likipotea tunafanyaje. Anayeweza kuuliza alinyamaza. Programu zetu zilikaa kimya mahali palepale ambapo sisi tulikaa kimya.

Sisi ni watu wa shikamoo, na sitaki kuiona ikiondoka. Miongozo mingi ya kupitia msimbo imeandikwa na watu ambao mdogo kwao humwambia mkubwa "hapa umekosea" na chai inaendelea kunywewa. Ukimlazimisha kijana wa Rungwe au wa Mbozi afanye hivyo, atatabasamu, atabonyeza kitufe cha kukubali, na utakuwa umepoteza jicho lake. Tukabadili utaratibu badala ya kuwabadili watu. Anayeleta msimbo ndiye anayeanza kwa kuandika, chini ya mabadiliko yake, mahali ambapo hana uhakika. Ni lazima aandike angalau mahali pamoja, na mkubwa anaandika kwanza. Mimi wiki ile niliandika, "Sina uhakika na kuhesabu unyevu wa kahawa ya maganda, naomba mtu anisomee." Mkubwa akishauonyesha udhaifu wake, mdogo anapata pa kuingilia bila kuvunja adabu. Na ile "naomba kuelewa" tumeiacha kama ilivyo. Ni swali la heshima na bado linauma panapostahili.

Katibu wa chama alitaka jina. Ni haki yake kukasirika: hela ilikuwa ya wanachama, na ilibidi irudishwe kwa kukatwa kwenye malipo ya pili, jambo ambalo hakuna katibu anayelifurahia mbele ya mkutano. Lakini jina lingetusaidia nini? Tukimfukuza mwandishi wa mstari ule, mstari wa "tuma tena" ungeandikwa na anayefuata, tena kwa nia njema ileile. Tulimpelekea ukurasa mmoja unaoeleza saa kwa saa nini kilitokea, nini kiliruhusu kitokee, na nini kimebadilishwa. Alisoma, akasema bado anataka jina. Nikampa langu.

Wapo waliokwenda mbali zaidi yetu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu msimbo wao, usiku, akijaribu kurekebisha kanzidata ya akiba, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile nyingine. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta zile za kila siku zilikuwa zinashindikana muda mrefu, na barua pepe za onyo zilikuwa zinakataliwa njiani, hivyo hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla. Kampuni iliandika yote hayo hadharani, na kazi ya kurejesha ikaonyeshwa moja kwa moja kwenye intaneti. Mhandisi hawakumtoa kafara. Mimi ninachokiangalia hapo ni zile barua pepe: mfumo ulikuwa unapiga kelele chumba ambacho hakina mtu.

Kisa kingine cha namna hiyo ni cha Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012 walipandisha msimbo mpya kwenye seva saba kati ya nane, kwa mkono. Ya nane ikabaki na msimbo wa zamani, na swichi iliyotumika kuuwasha mpya ndiyo hiyohiyo iliyowahi kuuwasha ule wa kale uliokwisha staafu. Kwa dakika 45 mashine ile iliagiza hisa ovyo, na hasara ikafika zaidi ya dola milioni 440. Kabla soko halijafunguliwa asubuhi ile, mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 zenye dalili ya kosa hilo. Hakuna aliyezifanyia kazi.

Watu wengi wakisikia hayo wanaogopa kupandisha mabadiliko. Nasi tulikuwa hivyo: msimu ukianza hatugusi kitu, halafu Novemba tunapandisha mabadiliko ya miezi mitano siku moja na kukesha. Siku hizi tunapandisha kidogokidogo, karibu kila siku, kwa hati moja ya kompyuta inayofanya hatua zilezile kwenye kila seva. Mabadiliko ya mistari ishirini yakiharibu kitu, unajua pa kutazama. Ya mistari elfu nane yanakupa usiku mrefu.

Kuta za ndani

Ubao tuliufuta Desemba. Visanduku kumi na moja tumevirudisha kuwa jumba moja, na kazi hiyo ilitula miezi miwili kwa sababu kanzidata zilikuwa tatu. Hatukuwa peke yetu kurudi nyuma: mwaka 2023 timu moja ya Prime Video ya Amazon, hao hao mabingwa wa kugawa, ilieleza kwamba mfumo wake wa kukagua ubora wa video uliporudishwa kwenye programu moja gharama ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Jumba lisilo na kuta za ndani nalo ni balaa, na wanaolichukia wengi wamewahi kuishi kwenye la namna hiyo, ambapo ukigusa jikoni bati la chumbani linang'oka. Kwetu kila chumba cha jumba tunakiita moduli, na moduli ya malipo hairuhusiwi kusoma jedwali la mizani moja kwa moja. Inapiga hodi mlangoni, inauliza, inajibiwa. Mtu akitoboa ukuta, majaribio ya kiotomatiki yanakataa na msimbo wake haupandi. Utii wa kanuni hautegemei kumbukumbu yangu.

Ugumu uko kwenye kuchagua mlango uwe wa umbo gani, maana ukishajengwa kuubadili ni ghali. Aliyewahi kusafiri kwa TAZARA kutoka hapa kwenda Dar huenda hajui kwamba reli ile ina upana wa milimita 1,067, ili iungane na reli za Zambia, wakati Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki hata upana wa kiganja, lakini behewa la huku haliwezi kuingia kule. Zinapokutana Kidatu, mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Mlango wa moduli ya malipo tuliubishania siku mbili, kama uzito uingie kwa kilo zenye desimali au kwa gramu nzima. Tulichagua gramu.

Kitu kimoja tulikiacha nje: utumaji wa ujumbe mfupi. Ule una foleni yake na unyamavu wake, na ukichelewa dakika kumi hakuna anayekosa hela. Huo ndio utengano wenye maana kwangu, kipande kikitengana kwa sababu kinaishi kwa mwendo tofauti, au kwa sababu kina watu tofauti.

Hao watu tofauti wanakuja. Mwezi ujao wawili wanaanza kazi Iringa, kwa ajili ya chama cha wafugaji wa maziwa, na mmoja wao ni yule kijana wa fildi, sasa kaajiriwa. Kutoka hapa hadi kwake ni kutwa nzima ya basi, hatutaazimana chaja. Kwa hiyo moduli ya maziwa tutaitoa kwenye jumba iwe programu yao, waipandishe wanapotaka bila kuniuliza. Juzi aliniletea mchoro, visanduku viwili na mshale mmoja katikati. Juu ya mshale ameandika kwa kalamu nyekundu: "Kimya kikizidi sekunde 30, tuma tena kwa namba ileile." Chini yake, sehemu ya kutokuwa na uhakika, ameandika, "Kaka, naomba kuelewa, na ninyi mkinyamaza?"